Pesa hufuata mizani: hesabu ya ruzuku za kuni

Aliyewahi kununua vitunguu au viazi shambani anaijua lumbesa. Gunia limejaa hadi mdomoni, lakini juu yake kumeongezwa kilemba kirefu cha mzigo mwingine, kikashonwa kwa kamba na wavu, na bado muuzaji na mnunuzi wote wanaliita gunia moja. Watu hupenda kusema lumbesa ni tamaa ya walanguzi. Mimi naona chanzo chake ni kitu cha kawaida zaidi: bei na ushuru vilihesabiwa kwa gunia, si kwa kilo. Ukishatangaza kwamba unahesabu magunia, usishangae magunia yakinenepa.

Lumbesa ndiyo iliyonijia kichwani nilipoanza kufuatilia habari za mpango mmoja wa Marekani unaojulikana kwa kifupi kama BCAP. Ni mpango wa kuwasaidia wakulima walime mazao ya kuchomwa, yaani nyasi na miti ya kuzalisha umeme, joto na mafuta. Ulianzishwa na Sheria ya Kilimo ya mwaka 2008 na kuwekwa chini ya Wizara ya Kilimo. Tatizo ulilokusudia kulitatua ni la kweli kabisa.

Mkulima wa Missouri hawezi kuacha soya apande miskanthasi kwa sababu tu mtu amemwambia ni nishati ya kesho. Miskanthasi ni nyasi ndefu kama matete, na inachukua miaka miwili mitatu kabla ya kutoa mavuno ya maana. Mnunuzi wake naye ni mmoja tu, kiwanda kilicho karibu. Nyasi hujaza lori kabla lori halijafikisha uzito, na ukizipeleka mbali nauli inameza bei yote. Kama kiwanda hakipo, mkulima amepanda majani ya kuangalia. Mwenye kiwanda kwa upande wake hapati mkopo wa kujenga tanuri mpaka aonyeshe benki mashamba yatakayolilisha. Kila mmoja anamngoja mwenzake aanze. Serikali ikiingia hapo kati na fedha, sina ugomvi nayo.

BCAP ikaja na madirisha mawili. La kwanza lilikuwa la wapandaji: serikali ingelipa hadi asilimia 75 ya gharama za kuanzisha shamba, kisha malipo ya kila mwaka ya kumshikilia mkulima wakati anasubiri, hadi miaka 5 kwa nyasi na hadi 15 kwa miti. Dirisha la pili lilikuwa la wasambazaji. Yeyote anayekusanya, kukata, kuhifadhi na kusafirisha mabaki ya mimea kwenda kwenye kiwanda kilichoidhinishwa angelipwa na serikali dola moja kwa kila dola aliyolipwa na kiwanda, hadi kufikia dola 45 kwa tani kavu, kwa muda wa miaka 2.

Dirisha la kwanza lilihitaji kanuni, tathmini ya mazingira, ramani za maeneo na mikataba ya miaka mingi. La pili lilihitaji fomu na stakabadhi ya mizani. Basi la pili ndilo lililofunguliwa mwanzo, katikati ya mwaka 2009, wakati serikali ya Obama ilikuwa na haraka ya kuonyesha kwamba nishati mpya inaleta ajira vijijini.

Jiweke kwenye viatu vya mwenye kiwanda cha kupasua magogo huko kusini mwa Marekani. Kila siku una mlima wa maranda, vumbi la mbao na mabanzi. Siku zote umekuwa ukiviuza. Maranda na vumbi vinakwenda kwa watengenezaji wa mbao za kushindiliwa, zile zinazojulikana madukani kama MDF na chipubodi, ambao huvichanganya na gundi na kuvibana kwa joto. Bei, tuseme, ni dola 40 kwa tani. Siku moja unaambiwa kwamba ukizipeleka tani hizo hizo kwenye tanuri la umeme au boila ya kiwanda cha karatasi, kiwanda kitakulipa 40 na serikali itakuongezea 40 nyingine. Utampelekea nani?

Wala huhitaji kuwa mwizi. Fomu umeijaza kwa ukweli, mzigo umepimwa, risiti unayo. Watengenezaji wa MDF ndio waliopiga kelele, na walikuwa na haki. Malighafi yao ilikuwa inachomwa kwa msaada wa kodi ambazo wao wenyewe wanalipa, na wasingeweza kushindana na mnunuzi anayelipiwa nusu na hazina. Kuna kejeli hapa ambayo sijaona ikisemwa vya kutosha: maranda yaliyomo ndani ya kabati la MDF yamefungiwa kaboni yake kwa muda wote ambao kabati litakuwa limesimama sebuleni, ilhali maranda yaliyotiwa tanurini yameirudisha hewani kabla ya saa ya chakula cha mchana. Serikali ikalipia la pili kwa jina la tabianchi.

Viwanda vya karatasi navyo viliidhinishwa kupokea mzigo. Hivi vimekuwa vikichoma magome na mabaki kwa miongo mingi, kwa sababu ni kuni zilizo mlangoni. Hakuna tanuri jipya lililohitajika wala gunia la makaa ya mawe lililookolewa. Kilichobadilika ni kwamba kuni zilezile sasa zilikuja na hundi.

Neno "tani kavu" nalo linastahili kutazamwa. Mbao mbichi iliyosagwa, karibu nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji. Kwa hiyo mizani peke yake haitoshi, lazima mtu apime unyevu, na kipimo cha unyevu hutegemea umechota sampuli upande gani wa lori, juu palipopigwa jua au chini palipokaa maji. Anayefahamu pamba au korosho zetu, na ugomvi wa unyevu kwenye ghala la ushirika, hahitaji maelezo zaidi. Ukilipa kwa tani, kuna mtu atakuuzia maji.

Matokeo ya kifedha yalikuja upesi. Wakati sheria inapitishwa, makadirio ya Bunge yalikuwa kwamba mpango mzima ungegharimu dola milioni 70 hivi kwa miaka 5. Dirisha la wasambazaji peke yake lilimeza karibu dola milioni 240 kabla ya kusimamishwa Februari 2010, na karibu zote zilikwenda kwenye kuni. Sheria haikuwa imeweka kikomo cha matumizi. Ilisema zitolewe fedha kadiri zitakavyohitajika, maneno ambayo kila mhasibu wa serikali duniani anapaswa kuyaogopa. Kanuni mpya zilitoka Oktoba 2010, na humo ndipo ilipoandikwa kwamba mbao ambazo tayari zina soko la thamani kubwa zaidi hazitalipiwa. Kanuni nzuri hiyo, iliyofika baada ya gari kuondoka.

Kama unadhani hili lilikuwa bahati mbaya ya idara moja, nikupe la jirani yake. Viwanda vya karatasi vinapochemsha mbao hubaki na maji meusi mazito yenye utomvu wa mti, na kwa miongo mingi vimekuwa vikiyachoma kujipatia mvuke na umeme. Sheria moja ya mwaka 2005 ilitoa nafuu ya kodi ya senti 50 kwa galoni kwa anayechanganya mafuta mbadala na mafuta ya kawaida, ili kupunguza matumizi ya petroli na dizeli barabarani. Wanasheria wa viwanda waliisoma vizuri. Maji meusi ni mafuta mbadala, lakini sharti yawe yamechanganywa. Basi viwanda vikaanza kuyatia dizeli kidogo. Yaani sheria ya kupunguza dizeli ikafanya dizeli iongezwe mahali ambapo haikuwepo. Kampuni ya International Paper peke yake ilipokea zaidi ya dola bilioni 2 kwa mwaka 2009. Yote yalikuwa halali. Nafuu hiyo iliachwa ife mwisho wa mwaka huo.

Na wakulima wa nyasi, wale ambao mpango ulitungwa kwa ajili yao? Zamu yao ilifika Mei 2011, lilipotangazwa eneo la kwanza la mradi, kati ya Missouri na Kansas, chini ya ushirika wa wakulima uitwao Show Me Energy, likiwa na lengo la hadi ekari 50,000 za nyasi za asili. Yakafuata maeneo mengine ya miskanthasi na ya miti ya mipopla. Lakini wakati huo Bunge lilikuwa limeshaona bili ya kuni, na mpango ukawa kitoweo cha kila anayetafuta pa kupunguza matumizi. Sheria ya Kilimo ya mwaka 2014 ikaubana kwa dola milioni 25 kwa mwaka, malipo ya wasambazaji yakashuka hadi dola 20 kwa tani, na msaada wa kupanda ukawa asilimia 50. Ya mwaka 2018 ikauacha uendelee kwenye karatasi bila fungu la uhakika. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko fedha zenyewe. Walioingia kwanza walikula karamu, na waliotakiwa kuwa wageni rasmi walikuta vyombo vinaoshwa.

Si kwamba dirisha la wapandaji lingefanikiwa lenyewe. Uingereza ililijaribu mapema. Kuanzia mwaka 2000 ililipa wakulima wapande miskanthasi na mierebi ya kukatwa na kuchipua tena. Huko Eggborough, kaunti ya North Yorkshire, kilijengwa kituo cha kugeuza mbao za mierebi kuwa gesi na umeme, kikiitwa ARBRE, na wakulima wa jirani wakapanda kwa mikataba. Mwaka 2002 kampuni ikafilisika, mitambo ikiwa haijatengemaa. Mierebi ikabaki imesimama mashambani na mizizi yake imeshafika kwenye mifereji ya maji. Shamba la mahindi unaweza kulibadili msimu ujao, lakini la mierebi lina mpango wake wa miaka 20.

Kisa kinachofundisha zaidi, na ambacho nadhani kinapaswa kusomwa katika kila chuo cha utumishi wa umma, kilitokea Ireland Kaskazini. Novemba 2012 serikali ya pale ilianzisha malipo kwa wafanyabiashara watakaobadili maboila ya mafuta na kuweka ya kuni. Kwa boila za ukubwa wa kati, malipo yaliwekwa peni 5.9 kwa kila kilowati-saa ya joto, kwa miaka 20. Peleti za kuni, yaani vipande vidogo vya mbao iliyosagwa na kushindiliwa, za kutoa joto hilo ziligharimu kama peni 4.39. Piga hesabu: kila pauni moja uliyoitia tanurini ilirudi na peni thelathini na kitu juu yake. Hapo hujauza kuku wala uyoga. Umewasha moto tu.

Mpango wa namna hiyo ulikuwepo tayari sehemu nyingine ya Uingereza, na ulikuwa na breki: baada ya saa 1,314 za matumizi kwa mwaka, malipo yalishuka sana. Ireland Kaskazini walinakili mpango wakaacha breki. Kisha ukomo wa daraja lile nono ulikuwa chini ya kilowati 100, na kuanzia 100 malipo yalikuwa madogo mno. Unaweza kukisia kilichofuata. Watu waliohitaji boila moja kubwa waliweka kadhaa za kilowati 99, zikiwa zimepangwa kama mitungi dukani. Hii ni lumbesa iliyopinduliwa, gunia dogo ili lihesabiwe mara nyingi.

Wafugaji wa kuku walikuwa wengi miongoni mwao, na wao angalau mabanda yao yanahitaji joto. Lakini kukawa na tuhuma za mabanda matupu yanayopashwa usiku na mchana, na wenyeji wakaupa mpango jina la "pesa kwa majivu". Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akiuza vifaa vya kupunguza matumizi ya nishati aliionya serikali tangu mwaka 2013, kwa sababu wateja walikuwa wanamwambia wazi kwamba hawana haja ya kubana matumizi, kadiri wanavyochoma ndivyo wanavyolipwa. Hakusikilizwa. Mpango ulifungwa Februari 2016, na makadirio ya ziada ya matumizi juu ya bajeti iliyokuwa ikizungumzwa yalikuwa pauni milioni 490 kwa miaka 20.

Januari 2017 Martin McGuinness, naibu waziri mkuu wa jimbo, alijiuzulu akidai Arlene Foster, waziri mkuu ambaye ndiye aliyekuwa waziri husika mpango ulipoanza, akae pembeni uchunguzi upite. Foster alikataa, na serikali ya ubia ikaanguka. Kulikuwa na ugomvi mwingine nyuma ya pazia, ukiwemo wa lugha ya Kiayalandi, lakini kiberiti kilikuwa boila. Jimbo lilikaa miaka 3 bila serikali yake. Tume ya jaji mstaafu Patrick Coghlin ilitoa ripoti Machi 2020, na hitimisho lake ndilo lililonikosesha usingizi kuliko kama wangekamatwa wezi: kwa sehemu kubwa haukuwa ufisadi, ulikuwa uzembe juu ya uzembe. Watumishi waliamini kwamba fedha zote zinatoka London, kwa hiyo kadiri zinavyotumika ndivyo jimbo linavyonufaika. Haikuwa hivyo. Ziada ilikuwa mzigo wa jimbo lenyewe.

Sasa kuna swali la mizani kubwa kuliko zote, ile ya kaboni. Kituo cha umeme cha Drax karibu na Selby, Yorkshire, kilichokuwa kituo kikubwa kuliko vyote vya makaa ya mawe Uingereza, kiligeuza mitambo 4 kati ya 6 ichome peleti za mbao, nyingi zikivuka Atlantiki kutoka Louisiana, Mississippi na Kanada. Kimepokea zaidi ya pauni bilioni 6 za ruzuku tangu mwaka 2012. Kwenye vitabu, moshi wa bomba lake ni sifuri. Kanuni za kimataifa zinasema kaboni ya mti ihesabiwe pale mti ulipokatwa, si pale ulipochomwa, ili isihesabiwe mara mbili. Kanuni hiyo ina mantiki yake. Lakini iweke pamoja na ruzuku uone inavyogeuka: anayelipwa ni mwenye bomba, anayepaswa kuandika hasara ni nchi nyingine, na msitu unaotakiwa kuziba pengo utachukua miongo kadhaa kukua. Mizani iko Mississippi, pesa iko Yorkshire. Agosti 2024 Drax ilikubali kulipa pauni milioni 25 baada ya mdhibiti wa nishati wa Uingereza kukuta kwamba taarifa zake za aina ya mbao kutoka Kanada hazikuwa na ushahidi wa kutosha. Mdhibiti hakukuta udanganyifu wa makusudi. Februari 2025 serikali ikatangaza mkataba mpya wa 2027 hadi 2031, ruzuku ikipunguzwa kama nusu, na kituo kikiruhusiwa kufanya kazi kwa kiasi cha asilimia 27 tu ya muda.

Wapo watakaoniambia kuni ni nishati nzuri pale mahali pake panapofaa, na nakubali. Sweden inapasha miji yake maji ya moto kwa mabaki ya misitu yake yenyewe, na haikufika hapo kwa kumlipa mbeba kuni kwa tani. Mwaka 1991 ilianza kutoza kodi ya kaboni kwa makaa na mafuta. Wenye mitambo ya joto wakaanza wenyewe kutafuta kitu cha bei nafuu cha kuchoma, na maranda yenye mnunuzi bora yakabaki kwa mnunuzi bora, kwa sababu hakukuwa na hundi ya kuyavuta. Ule msamaha wa kaboni ya mti upo hata huko, sikatai. Lakini kuutoza moshi ni kazi rahisi kuliko kukisia nia ya mwenye kuni.

Narudi nyumbani kidogo, kwa sababu nasi tumeshaanza safari yetu ya ruzuku za nishati, japo sisi tunalipa ili kuni zisichomwe. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, mitungi ya gesi ya kilo 6 imekuwa ikiuzwa kwa nusu bei. Ni jambo jema, na picha za ugawaji zinapendeza. Kinachohesabika kwenye picha ni mitungi.

Kwa jirani yangu mmoja mtungi wa ruzuku uliisha gesi baada ya mwezi na siku chache. Sasa umekaa pembeni ya jiko la mkaa, umefunikwa kitambaa, watoto wanaukalia. Si kwamba mama yule hapendi gesi. Mkaa anaununua kwa kopo, kwa hela ya siku, na gesi anatakiwa ailipie kwa mkupuo. Katika takwimu za ugawaji kaya yake imeshahesabiwa, na wala hakuna aliyedanganya.

Mita za kulipia gesi kidogo kidogo kwa simu zimeshatumika Dar es Salaam na Nairobi, kwa hiyo teknolojia ya kujua nani amepika na gramu ngapi ipo. Kama nusu ya ruzuku ingehama kutoka kwenye chuma na kwenda kwenye kujaza, ikashuka kadiri mtu anavyopika, jirani yangu angelipia maharage ya leo kwa hela ya leo. Na mradi abaki analipia sehemu yake mfukoni, hakuna atakayeacha gesi inawaka usiku kucha kupasha banda tupu.